Mita Saba za Baba Mdogo

Baba mdogo alipima kilima chetu kwa tepu ya kushonea suruali. Aliishusha kutoka shingoni, mahali inapokaa siku zote hata akienda msibani, akainama nyuma ya jiko letu, akailaza chini kwenye majani na kuikandamiza kwa kidole gumba. Kisha akaifuata kwa kiganja, polepole, kama anayepima nyonga ya mteja ambaye mumewe hayupo. Kila ilipoisha alichomeka kijiti, akasogea, akaanza tena. Mara nne na kipande. Alipofika chini alijifuta jasho, akavuta koti lake likae vizuri, akatangaza.

"Mita saba."

"Sawa," akasema fundi mwashi.

Huyo fundi mwashi mtaa mzima ulimwita Sawasawa, na jina lake lingine silijui. Mikono yake ilikuwa hodari, siwezi kumnyima hilo. Tatizo lilikuwa shingo. Haikujua kwenda kushoto na kulia, ilijua juu na chini tu.

Uwanja wetu ni ukanda mwembamba unaoanzia nyuma ya jiko na kuporomoka. Ukiangusha kitunguu mlangoni, nenda kakitafute kwa jirani wa chini. Upande mmoja kuna ukuta wa jirani, upande wa pili kuna ngazi wanazopita watu wote, na katikati hapatoshi hata kulaza ngazi ndefu ya fundi rangi. Kwa hiyo karakana tuliyotaka kuijenga hapo haikuweza kukaa kwa upana. Ilibidi urefu wake ushuke na kilima.

Na urefu ndio uliokuwa na maana kwetu, kwa sababu ya meza. Sisi tunashona maturubai ya malori. Baba aliianza kazi hiyo, akamfundisha mama, na mama akanifundisha mimi nilipoacha shule darasa la tano. Baba alipofariki alituachia cherehani tatu nzito na meza ya kukatia yenye urefu wa mita tano na nusu, mbao ndefu zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Meza hiyo ndiyo kazi yenyewe. Turubai linatandazwa juu yake, linanyooshwa, linapigwa mstari mmoja wa chaki kutoka mwanzo hadi mwisho, na mkasi unakwenda bila kusimama. Ukiikata meza katikati, mstari unapinda pale pale ulipokata, na turubai lililopinda linavuja juu ya unga wa watu.

Chumba tulichokuwa tumepanga barabarani, mwenyewe alikitaka ifikapo mwisho wa mwezi. Ndugu wa baba wakakaa kikao. Wakamsikiliza baba mdogo kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja na koti, wakaamua asimamie ujenzi wa karakana nyumbani kwetu. Mabati angetoa yeye. Naye akaongeza sharti.

"Vitu vikiingia vyote, na meza yake, vizuri," alimwambia mama. "Visipoingia, shemeji, nakuja na gari nabeba. Dukani kwangu nafasi ipo. Wewe na binti mtakuwa chini yangu, hamtasumbuka."

Hamtasumbuka. Duka lake ni la suti. Lina kioo, kiti cha wateja, na sanamu isiyo na kichwa iliyovaa koti lile lile tangu mimi natambaa. Mtaa wenyewe lori haliwezi kuingia, sembuse kugeuza. Nililiona jambo zima kama lililokwisha kutokea. Cherehani za baba zinashona mapazia ya watu wanaomsifu baba mdogo, mama anachemsha chai ya wateja, na mimi nafagia nyuzi. Tungekuwa vibarua kwenye cherehani zetu wenyewe.

Kuna watu waliosema alipanga tangu mwanzo. Ningefurahi kuamini hivyo. Lakini hila inataka akili, na mimi nilimwona akipima.

Ramani aliichora kwenye karatasi ya kukatia, ile ya kahawia, kwa chaki ya bluu. Alituonyesha mezani, Sawasawa akiwepo, huku mama akimshikia pembe zisijikunje. Kuta alizichora kwa mistari miwili na kati yake akaandika "pindo".

"Mwashi wa kawaida anasahau pindo," alisema. "Unampa mita saba, anakujengea mita saba nje, ukiingia ndani unakuta zimeliwa na mawe. Mimi nimetoa pindo sentimita arobaini juu, arobaini chini. Ndani inabaki mita sita na ishirini. Meza inaingia, mtu anapita. Huo ndio utaalamu, shemeji. Nguo na nyumba ni kitu kimoja, kuvisha tu."

"Asante, shemeji," alisema mama.

Mama anaweza kumshukuru mtu aliyemkanyaga. Nampenda, lakini tabia hiyo siipendi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Kitu kilinisumbua na sikukijua. Nilikuwa bado naiona ile tepu ikilala kwenye majani, ikifuata kila kibonge na kila shimo. Ningeweza kuuliza. Lakini kwangu mimi kuuliza mbele ya watu watatu ni kama kuvua nguo. Niliweka sinia chini, nikatoka.

Siku ya tatu Sawasawa na vibarua wake wawili walikuwa wamekwisha chimba. Juu walikata kilima hadi kikafika mabegani mwao, udongo wakautupa upande wa chini, na ukuta wa chini, ule utakaoubeba udongo huo wote, ulikuwa umefika magotini. Siku hiyo sisi tulikuwa chumbani barabarani tunakata turubai la lori la mchanga. Dereva alikuwa ametupa vipimo vya bodi, lile sanduku la nyuma linalobeba mzigo, na mama akaniambia niongeze mita moja na robo.

"Mchanga unajaa kwa mlundo," alisema. "Kitambaa kinapanda mlundo na kushuka. Bodi ni ile ile, ila kitambaa kinaliwa."

Nimeyasikia maneno hayo tangu nina miaka kumi na mbili. Siku hiyo niliacha mkasi.

"Mama," nilisema, "baba mdogo amepima mlundo."

"Umesema?"

"Amepima juu ya mlundo. Meza haitalala kwenye mlundo. Meza inalala kwenye bodi."

Mama aliweka chaki chini. Kisha akakaa juu ya lundo la vipande na kuvua miwani.

Alasiri tulipanda nyumbani na kamba ya turubai niliyoikata mita mbili kamili. Nilimwomba mmoja wa vibarua pima maji na timazi, kwa kunyoosha kidole tu, naye akanipa. Mama alishika mwanzo wa kamba kwenye kijiti cha juu, kando ya machimbo. Mimi nilishuka, nikaivuta hadi ikawa kifuani kwangu, nikaegesha pima maji juu yake mpaka kiputo kikakaa katikati. Nikaangusha timazi kutoka ncha ya kamba, na ilipogusa ardhi nikachomeka kijiti changu. Mama akashuka pale, tukaanza upya. Tulikuwa kama watu wawili wanaoshuka ngazi zisizoonekana. Mbili, nne, sita, halafu tukakunja kamba nusu, saba.

Kijiti changu cha mita saba kilikaa nje ya ukuta wa baba mdogo. Nje kabisa. Kati ya kijiti na ukuta ungeweza kulaza mtoto wa chekechea.

Mama alihesabu kwa sauti ndogo. "Toa pindo. Ndani inabaki mita tano na robo."

"Na meza tano na nusu," nilisema.

Sawasawa alikuwa anatuangalia huku ameegemea koleo.

"Hata mimi niliona," alisema.

Mama aligeuka. "Uliona nini?"

"Kwamba inalazwa chini. Haipimwi hivyo mama, kilima hupimwa hivyo mlivyofanya nyie. Kila mwashi anajua."

"Ukanyamaza?"

"Mzee aliniambia mimi nipange mawe, vipimo ni vyake. Nikasema sawa."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza kwa nini hali nyama. Hapo nilijua kwamba sikuwa na mjinga mmoja wa kupambana naye. Nilikuwa na mjinga, na nilikuwa na mwenye akili aliyeikodisha akili yake kwa mjinga, na huyu wa pili nilimdharau zaidi.

Mama alimpigia baba mdogo simu pale pale, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Alimweleza vizuri, kwa heshima zote, shemeji kila baada ya maneno matatu.

"Mmepimia nini?" aliuliza baba mdogo.

"Kamba ya turubai."

Alicheka. "Shemeji, shemeji. Turubai likipigwa jua linavutika. Na hiyo kamba ilikuwa inaning'inia hewani, au vipi? Kitu kinachoning'inia ndicho unachokiamini kuliko kilicholala chini? Mimi nimeshona miaka thelathini. Nani kakutia maneno hayo?"

Mama alinitazama. "Binti yako."

"Huyo? Huyo darasa la sita hakuliona hata kupitia dirishani. Mwambie arudi kwenye malori." Akakata.

Vibarua walijifanya wanatafuta kitu kwenye mchanga. Mimi niliikunja kamba kwa hasira. Si kwa sababu ya darasa la sita. Hilo nimelizoea, amekuwa akilitoa kila sikukuu kama kanzu nyeupe. Ni kwa sababu ya turubai kuvutika. Mtu anayekula kwa kitambaa, ambaye marehemu kaka yake alishona maturubai maisha yake yote, anasema turubai linavutika karibu mita nzima kwa jua la alasiri moja.

"Ukuta wa chini unaweza kusogea?" nilimuuliza Sawasawa.

Alishtuka, maana nilikuwa sijawahi kumsemesha. Juzi yake tu chai ilipoiva nilishindwa kumwita, nikamwekea kikombe juu ya tofali nikakimbilia ndani.

"Kusogea unaweza. Bado upo magotini. Tunachimba msingi mwingine huku chini, haya mawe tunayahamisha. Utakuwa mrefu kidogo zaidi kwenda juu, maana kilima kinazidi kushuka. Siku nne."

"Usogeze."

"Sawa," alisema, kisha shingo yake ikakumbuka kitu. "Na mzee? Nani atamwambia?"

"Mimi."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Wewe? Mdogo wangu, wewe ukikutana na mbuzi unampisha."

"Mama ndiye mwenye uwanja," nilisema. "Muulize."

Mama alikuwa amevaa tena miwani. Alikiangalia kile kijiti cha mita saba, peke yake kule nje. Alikiendea, akakitikisa, kikakaa imara.

"Sogeza," alisema.

Baba mdogo alikuwa anakuja Jumamosi kwa Jumamosi. Siku nne tulizokuwa nazo tulizitumia zote. Mimi na mama tulibeba mawe kila tulipotoka barabarani, yale yaliyotoka kwenye kilima chenyewe, na Sawasawa aliyapanga. Nilikuwa nampimia kwa kamba yangu kila asubuhi na yeye akisema sawa, na nikagundua kwamba mtu wa namna hiyo ana faida moja. Hajali sauti inatoka kwa nani.

Jumamosi alikuja na viatu vyake vyenye ncha. Alishuka kilima kwa ubavu, mkono mmoja ukishika koti na mwingine ukishika hewa. Alipoona ukuta mpya alisimama. Alishusha tepu shingoni, akainama kando ya machimbo, penye majani yasiyoguswa, akailaza chini kwa kidole gumba, akaanza safari yake ya zamani. Tulimsubiri. Ilichukua muda. Kijiti kimoja kilimteleza akalazimika kurudia.

"Mita nane na sentimita nane," alisema alipofika. Alikuwa anahema. "Nani amevuka mita zangu?"

Sawasawa aliinama kuchagua jiwe.

"Shemeji, nimeuliza. Nilitoa mita saba. Nakuta nane. Hiyo ni suruali inayoburuzwa."

"Tulipima tena, shemeji," alisema mama.

"Mlipima na nani? Na huyu?" Alimgeukia Sawasawa. "Wewe, nilikwambia nini?"

"Mita saba, mzee."

"Na hizi ni ngapi?"

"Ni... ulivyopima ni nane, mzee."

"Bomoa. Rudisha ukuta pale nilipoweka. Leo, nikiwa nimesimama hapa."

"Sawa," alisema Sawasawa, akauokota mtaimbo.

Nilimwona akiupachika kati ya mawe mawili ya juu. Mawe yale niliyabeba mimi, moja lilinichubua mkono. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu. Kama ukuta ule ungerudi, meza isingeingia, na kama meza isingeingia, huyu mtu mwenye viatu vyenye ncha angekuja na gari. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa anakuja kusema badala yangu.

Sikusema. Nilienda nikaichukua tepu shingoni kwa baba mdogo.

Alidhani namwondolea mdudu, nafikiri, maana alisimama tu. Nilibana mwanzo wa tepu kwenye kifungo cha kola yake, nikaishusha mbele, juu ya kifua, nikaipandisha kitambi, nikaishusha upande wa pili hadi kwenye bizimu la mkanda. Nilifanya kama anavyofanya yeye, kwa kidole gumba na kiganja.

"Sitini na tisa," nilisema.

Nikazunguka nyuma. Mgongo wake umenyooka kama mlango. Kola hadi mkanda.

"Arobaini na saba."

"Unafanya nini wewe?" alisema baba mdogo.

"Kola ni moja na mkanda ni mmoja," nilisema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mbele sitini na tisa, nyuma arobaini na saba. Wateja wenye kitambi unawaongezea kitambaa mbele, baba mdogo. Unajisifu kila siku kwamba wengine hawajui kuongeza. Mtu hajawa mrefu. Ni kitambaa kimepanda tumbo. Wewe umepima kilima juu ya tumbo. Meza itapita mgongoni."

Wa kwanza kucheka alikuwa Sawasawa. Alicheka na mtaimbo bado uko kwenye ukuta, halafu vibarua wakacheka, halafu jirani wa ubavuni, ambaye hatukujua kama yupo, akacheka nyuma ya ukuta wake na kikohozi juu. Ni kicheko nisichokiheshimu. Dakika moja kabla wote walikuwa tayari kubomoa.

Baba mdogo alielewa. Nilimtazama usoni, na niliona jambo likiingia na kukaa mahali pake, maana ujinga wake haufiki kwenye nguo. Kama angesema tu, "Ah, kumbe," ningekimbia kumletea kiti. Hadi leo nadhani ningekimbia.

"Umenigusa tumbo," alisema.

Nilianza kuikunja tepu.

"Mtoto wa kike wa kaka yangu amenipima tumbo mbele ya vibarua." Alimwambia mama, si mimi. "Hivi ndivyo unavyolea?"

"Na ukuta, shemeji?" aliuliza mama.

"Ukuta gani? Nani anazungumza ukuta? Mabati yangu hayafiki hapa. Jengeni mbingu wenyewe. Mwezi ukiisha nakuja na gari, na nitakuta vitu viko juani." Alinyang'anya tepu mkononi mwangu, akapanda kilima kwa mikono na miguu, maana viatu vile kwenda juu ni vibaya zaidi kuliko kwenda chini.

Mama hakunisema. Jioni alinipaka dawa kwenye mchubuko, na alipomaliza alisema tu, "Sitini na tisa," akatikisa kichwa.

Kuta zilipanda. Sakafu tulishindilia udongo, tukamwaga zege jembamba juu yake, na nilipoweka pima maji katikati kiputo kilikaa pale pale kama kimegandishwa. Lakini paa hatukuwa nalo, na mabati ya haraka hatukuyapata kwa mtu yeyote. Siku tano kabla ya mwezi kuisha Sawasawa alikuja kuuliza kama asimamishe kazi, na mama akamwangalia kama anayemwangalia mtu mwenye njaa aliyekaa ndani ya duka la mikate.

"Sisi tunashona nini hapa?" alimuuliza.

"Maturubai, mama."

"Basi weka mbao za paa, uende zako."

Tulilishona kwa siku tatu, turubai zito kuliko yote, mshono mara mbili, likiwa na macho ya chuma pembeni kama ya lori. Niliongeza kitambaa cha kupanda mlundo wa paa, na sikukosea. Watu sita walibeba meza kutoka barabarani. Waliiingiza kwa kuinamisha, wakailaza, na upande mmoja ikabaki njia. Mimi napita vizuri. Mama anapita ubavu, akilalamika kwamba nilipopima ningemfikiria na yeye.

Siku ya mwisho wa mwezi baba mdogo alikuja kweli na pikapu. Niliisikia ikizimwa juu, barabarani, nikasikia viatu. Aliingia mlangoni huku cherehani mbili kati ya tatu zinaita, mama kwenye moja, mdogo wake wa kike kwenye nyingine, na mimi nikiwa nimepanda juu ya meza kwa magoti ninapiga chaki. Alitazama sakafu. Alitazama pembe zote nne, moja baada ya nyingine, akitafuta. Mwishowe alitazama juu.

"Paa la turubai," alisema.

"Halivuji," alisema mama, bila kuacha kukanyaga.

Dereva wa pikapu alichungulia nyuma yake. "Mzee, tunapakia nini?"

Baba mdogo alikohoa. Aliweka mkono kwenye ukuta wa chini, ule ule, akaupiga piga kama mgongo wa ng'ombe aliyemlea.

"Hakuna cha kupakia leo," alimwambia. "Nilikuja kukagua. Hii ramani nimechora mimi. Unaona pindo la ukuta hilo? Mafundi wengi hawaweki."

"Safi," alisema dereva.

Mama alinikonyeza niseme kitu. Sikuona sababu. Mtu anayehitaji kudanganya dereva wa kukodi ili apande kilima na uso wake, mwache apande nao.

Alirudi baada ya miezi saba, bila koti. Duka la suti lilikuwa limefungwa. Watu siku hizi wananunua suti zilizokwisha shonwa, zimekunjwa kwenye nailoni, na mwenye kitambi ananunua kubwa zaidi. Alikuwa na cherehani moja tu iliyobaki, ile nyepesi. Alikaa kwenye lundo la vipande na kunywa chai yote kabla ya kusema.

"Nilikuwa nauliza," alisema, na alikuwa anaongea na kikombe, "kama mna kapembeni. Siyo pakubwa. Niweke cherehani yangu, niwe nashona marekebisho. Kupunguza suruali, zipu, vitu hivyo. Sitawasumbua."

Mama alisimamisha cherehani. Alinigeukia mimi, kwa kuwa siku hizo kazi ya kupanga vitu ndani ilikuwa yangu, na wateja walikuwa wanazungumza na mimi, na mimi nilikuwa nawajibu. Nilimwangalia baba mdogo. Alikuwa amekaa na tepu yake shingoni na magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Nilitafuta huruma na niliipata, ila haikutosha.

"Hakuna nafasi," nilisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba mdogo."

Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mteja. Alishukuru kwa chai. Tulisikia akipanda polepole, akipumzika mara mbili njiani.

Mama alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno.

"Pale chini ya dirisha panatosha cherehani mbili," alisema.

"Najua," nilisema. "Nimepapima."